Wazee Waliolala kwa Ebla

Kirimi alikuwa na divai mdomoni, hajaimeza wala hajaitema, Falis alipousukuma mlango wa stoo kwa nyonga, mikono imejaa mashuka, akasema, "Wamemchukua Samatar."

Divai ikashuka yenyewe. Ilikuwa imeshageuka siki, ikamkwaruza koo, na Kirimi, ambaye kazi yake ilikuwa kuonja na kutema, alikohoa mpaka akashika rafu.

"Nani wamemchukua?"

"Polisi. Pale kwa kizuizi ya barabara, akitoka kujaza mafuta kwa lori. Wanasema ameficha shifta."

"Samatar?"

"Mimi nakwambia vile nimesikia kwa bomba ya maji." Falis, mfuaji wa nyumba ya wageni, aliyabwaga mashuka juu ya kreti tupu na kushusha sauti. "Alisikika kwa kibanda ya chai akiambia mtu hivi: wazee kumi na wawili wamelala kwa mama, hawana kelele, wanamngoja mkubwa Jumamosi. Sasa mkubwa gani anakuja Jumamosi, Kirimi? Si ni huyu wa Nairobi tunamfulia mashuka? Na yule mwenye aliambiwa hayo maneno bado wanamtafuta. Hawakumwona uso. Wanasema alivaa koti ya kahawia."

Koti la kahawia lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, karibu kabisa na bega la Falis. Hakuligeukia. Huenda hakuliona. Huenda aliliona alipoingia, na ndiyo maana alikuja kusema.

"Mungu amsaidie," alisema Kirimi.

"Amsaidie, ndiyo," alijibu Falis, akayabeba mashuka yake akaenda.

Kirimi aliketi juu ya kreti. Isiolo nzima ni watu wawili tu waliojua wazee wale ni akina nani. Mmoja alikuwa seli, na mwingine alikuwa hapa stooni na ladha ya siki mdomoni.

Wazee walikuwa chupa za divai.

Neno lenyewe lilitoka Nanyuki. Huko, kabla ya uhuru, Kirimi alikuwa mhudumu katika hoteli ya walowezi, na aliyemfundisha divai alikuwa Mtaliano mmoja, Ottavio, aliyeletwa Kenya akiwa mfungwa wa vita, na alipofunguliwa akakataa kurudi kwao. Ottavio alikuwa na maneno machache ya Kiswahili na aliyatumia yote bila huruma. Divai changa aliiita toto. Divai iliyokaa miaka aliiita mzee. Chupa haikuwekwa, ililazwa, ili kizibo kisikauke, na ukipita karibu nayo kwa kishindo Ottavio alikurukia: "Pole pole! Mzee nalala!" Alimfundisha Kirimi kuinamisha bilauri aone rangi ukingoni, kutanguliza pua kabla ya ulimi, kuizungusha divai mdomoni mpaka iseme ilikotoka, kisha kuitema ndooni bila kuchafua shati. "Wewe kunywa, wewe kwisha," alisema. "Wewe tema, wewe nafanya kazi."

Isiolo kazi hiyo haikuwa hata na jina. Mama yake, huko mlimani Meru, aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni mpishi, ili wasiendelee kuuliza. Lakini nyumba ya wageni ilipoanza kupokea maofisa wa jeshi, mahakimu, na wazungu waliokuja kutazama vita kwa siku mbili na kurudi, msimamizi wake, Bwana Anderson, alitaka meza yenye heshima, akamwita Kirimi. Kirimi akajifunza upya. Alijifunza kumpima mgeni kabla ya kuipima chupa. Ofisa aliyetoka barabara ya Garbatulla na vumbi kwenye nyusi hakutaka kuelezwa habari za mizabibu. Alitaka bilauri ijae, na mkono wa anayemimina usitetemeke. Diwani mmoja aliomba sukari. Kirimi alimletea, pamoja na kijiko kirefu cha kukorogea, kwa adabu zote, kisha akaenda jikoni akauma taulo.

Samatar ndiye aliyezileta chupa. Babu yake, Msomali, alikuja na jeshi la Waingereza na kupewa mahali pa kukaa Isiolo vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha. Baba yake alinunua lori. Na Samatar akarithi lori pamoja na mzaha wote wa barabarani. Barabara ya Garbatulla ilipofungwa kwa gari lisilo na msafara wa askari, alibaki na ya Nanyuki tu, akibeba unga, mafuta ya taa, na makreti ya nyumba ya wageni kutoka stesheni ya reli. "Wallahi nchi hii!" alikuwa akimwambia Kirimi. "Watu wanalala njaa, na wewe serikali inakulipa uteme!"

Lakini neno divai halikutoka kinywani mwake hata mara moja. Wala mvinyo, wala pombe. Kwao yote matatu yalikuwa haramu moja, na mama yake, Ebla, alikuwa mwanamke ambaye mtaa mzima ulimtumia kama kipimo cha haya. Kwa hiyo Samatar aliliazima neno la Ottavio. "Wazee wako wamefika," alisema, na Kirimi akajibu, "Walaze." Walicheka. Lilikuwa neno la watu wawili, na lilikaa vizuri mdomoni.

Kisha likaja joto. Stoo ya nyumba ya wageni iliezekwa kwa bati, na mwezi ule bati lilichemka kama kikaango. Kreti la kwanza lililoletwa kwa ajili ya chakula cha Jumamosi liligeuka siki lote. Bwana Anderson alionja bilauri moja, akaiweka mezani taratibu, akasema, "Zikiharibika za pili, Kirimi, utaenda kuonja miraa sokoni."

Kreti la pili lilipofika, Samatar alikuna ndevu zake. Kwao, mtaa wa Chechelesi, alisema, kulikuwa na chumba cha ndani cha kuta nene za udongo, hakina dirisha, ambamo mama yake huweka samli na maziwa. Maziwa yakilala humo huamka mazima. Na chini ya kitanda cha mama, humo humo, nyuma ya magunia, kuna nafasi.

"Akiona?" Kirimi aliuliza.

"Haoni. Ni mpaka Jumamosi tu."

Yaliyobaki waliyasema kibandani, juu ya chai, kama watu wanaozungumza habari za mbuzi. Wazee kumi na wawili wamelala kwa mama, hawana kelele, wanamngoja mkubwa Jumamosi. Na Kirimi, katika koti lake la kahawia, mgongo kwa barabara, alijibu kwa furaha, "Usiwaamshe. Nitakuja kuwatoa mwenyewe."

Sasa aliyasikia maneno yale kwa sikio la polisi. Miaka ile ya vita vya serikali na waasi walioitwa shifta, watu wa Isiolo walikuwa wamejifunza kumeza maneno kabla hayajatoka. Mtu aliweza kukamatwa kwa kumuulizia binamu yake. Lakini wazee wanaomngoja mkubwa? Neno kama hilo halikumpeleka mtu kambini. Lilimpeleka kwenye kamba.

Adhuhuri Inspekta Lobokat alikuja mwenyewe kuikagua nyumba. Alikuwa Mturkana mrefu, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka mwenzake aogope kimya na kukijaza.

"Kesho mkubwa atakaa wapi?"

"Hapa, afande. Kichwani kwa meza."

"Mgongo kwa dirisha?"

"Tunaweza kugeuza."

"Geuza."

Kirimi aligeuza meza, peke yake, akiiburura upande mmoja kisha wa pili. Lobokat alimtazama.

"Na wewe kazi yako ni nini hapa?"

"Namimina vinywaji, afande."

"Kumimina tu?"

"Naonja kwanza."

"Kama iko na sumu?"

"Hapana, afande! Kama ni nzuri."

Lobokat alivuta kiti akakaa. Kirimi alimmiminia maji, na mdomo wa jagi ukagonga bilauri, ting, ting, ting, kama meno ya mtu mwenye homa.

"Mkono inatetemeka."

"Ni hili joto, afande."

"Unamjua Samatar wa lori?"

"Namjua vile watu wote wanamjua."

"Ndiyo. Watu wote wananiambia hivyo." Inspekta alikunywa maji yote. "Tangu asubuhi namuuliza, wazee ni nani? Hasemi. Hata uongo hasemi. Mtu akinyamaza hivyo, anaogopa mwenye alimtuma. Nyumba ya mama yake tumepekua, hatujapata kitu. Basi. Lori ya mahabusu inaondoka leo baada ya swala ya alasiri. Huko mbele kuna watu wanajua kuuliza."

Ni divai, afande. Maneno yalifika mpaka kwenye meno ya Kirimi. Aliyazungusha mdomoni, akahisi uzito wake, akawaza kamba, akawaza koti nyuma ya mlango. Kisha akayameza. Lobokat alivaa kofia akatoka.

Ni baada ya kubaki peke yake na meza iliyogeuzwa ndipo neno moja lilipomrudia. Hatujapata kitu. Wangekosaje kitu? Chupa kumi na mbili, chini ya kitanda, nyuma ya magunia?

Hakumuaga Bwana Anderson. Koti aliliacha kwenye msumari, akaenda Chechelesi na shati, nusu akitembea nusu akikimbia, na kila alipopita kundi la watu alijilazimisha kutembea.

"Salaam aleikum," alisema mlangoni.

"Habari, Kirimi," alijibu Ebla. Ndivyo walivyosalimiana siku zote, kila mmoja kwa salamu ya mwenzake. Ilikuwa adabu yao. Lakini leo hakumkaribisha kiti. Alikuwa ameketi juu ya kigoda, tasbihi mkononi, na nyumba ilikuwa imepinduliwa. Magunia yalikuwa yamepasuliwa, mtama umetapakaa sakafuni, na kuku wa jirani walikuwa wameshaingia kuula.

"Mama, nimekuja kuhusu Samatar."

"Kila mtu amekuja kuhusu Samatar."

"Askari... walitazama chini ya kitanda?"

Tasbihi ikasimama. "Kitanda changu wewe unakijuaje?"

Kirimi alitazama kuku. "Mama, kulikuwa na chupa."

Ebla aliinuka, akafunga mlango, akaegemea. Aliposema, sauti ilikuwa ya chini na ya kutisha. "Nani mwingine anajua mwanangu anakunywa?"

"Hanywi, mama."

"Nilizikuta nikitafuta kibuyu. Nilikaa chini, hapo umesimama. Nikasema, kumbe ndiyo maana anarudi nyumbani akicheka. Nikangoja wanaume waende msikitini, nikazimwaga zote nyuma ya choo, nikafukia. Sikumwambia. Nilitaka aje aniambie mwenyewe." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Leo askari walipoinua kitanda nilimshukuru Mungu. Nikasema, afungwe kwa uongo wao, lakini watu wasijue ile kitu."

"Mama, nisikilize. Zilikuwa zangu. Yaani za serikali. Mimi ndiye nilimwomba aziweke penye baridi. Samatar hajawahi hata kuzinusa. Anabeba lile kreti kwa ncha za vidole, kama mtu amepewa mtoto amejinyea, na akimaliza ananawa mpaka kwa kiwiko."

Uso wa Ebla ulifunguka kidogo, ukasita. "Hakunywa?"

"Hajawahi."

"Wallahi?"

"Mimi ni Mkristo, mama. Lakini wallahi."

Ebla alirudi kigodani. Machozi yalimtoka bila sauti, na Kirimi, asiyejua pa kuweka mikono, alianza kuwafukuza kuku. Kisha akamweleza kuhusu lile neno. Ilibidi aseme mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Ebla alitikisa kichwa: wazee ni watu, alisema, wazee wana ndevu.

"Tulikuwa tunaziita hivyo. Kwa sababu yako, mama. Hakutaka kuitaja ile kitu kwa kinywa chake."

"Kwa sababu yangu." Alilirudia polepole. "Basi ni adabu yake imemfunga."

"Na hatasema sasa. Akisema wazee ni nini, atasema pia nani alilala juu yao. Mama, chupa zenyewe ziko wapi? Zimevunjika?"

Ebla alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anatupa chakula. "Chupa nzuri vile? Utavunja?"

Alimpeleka kwenye kibanda cha jiko. Nyuma ya mlango, kwenye kikapu cha makuti, zilikuwa zimesimama saba, zimezibwa kwa vitambaa, zimejaa samli. Tano zilikuwa zimeshauzwa sokoni. Alikuwa amezisugua kwa majivu na kuzisuuza mara saba, alisema, na askari mmoja alipokuwa akipekua aliinua moja akauliza bei. Kirimi aliinyanyua chupa kwenye mwanga wa mlango. Ndani ya samli, iliyoyeyuka kwa joto na kuwa kama asali, kilielea kizibo. Ebla hakuwa na kizibuo. Alivisukuma vyote ndani kwa kijiti.

"Twende stesheni ya polisi, mama. Lori la mahabusu linaondoka baada ya alasiri."

"Wewe nenda. Wewe ni mwanamume, una maneno."

"Nikienda peke yangu, ni mtu wa koti la kahawia anaokoa ngozi yake. Na Samatar hatafungua mdomo mpaka akuone."

"Wazee wa msikiti wamekaa pale nje ya stesheni tangu asubuhi, watasikia." Muadhini alianza kuita alasiri, na wote wawili wakalisikia lori mawazoni kabla halijanguruma. Ebla alijifunga mtandio. "Nitaswali nikirudi. Beba kikapu."

Wazee wa msikiti walikuwa bado wapo, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, chini ya dirisha la ofisi. Walimsalimu Ebla kwa upole. Aliwaitikia bila kuinua macho. Uani, mlango wa nyuma wa lori la mahabusu ulikuwa wazi.

Kirimi aliingia ofisini akasema haraka, kabla ulimi haujabadili nia, "Afande, mtu wa koti la kahawia ni mimi."

Askari wawili walimshika mikono kabla hajamaliza. Kikapu kiligonga sakafu na chupa zikalia. Akiwa ameshikwa hivyo, shingo mbele kama mbuzi, alieleza yote: Mtaliano, joto, chumba cha udongo. Alijisikia akieleza, na kila neno la kweli lilitoka likiwa na sura ya uongo. Lobokat alinyamaza, na safari hii hakuna aliyekijaza kimya chake.

"Wazee ni divai," alisema mwishowe.

"Ndiyo, afande."

"Na divai iko wapi?"

"Imemwagwa."

"Na chupa?"

"Ziko hapa. Zina samli."

Lobokat alimgeukia sajini wake. "Nimedanganywa na watu wengi kwa hii kazi. Lakini leo ndiyo mara ya kwanza naletewa uongo umekaangwa kwa samli safi. Leta yule."

Samatar aliletwa. Jicho moja lilikuwa limevimba, na alikuwa hana viatu. Alimwona Kirimi, kisha kikapu, kisha mama yake, akatazama chini haraka kama aliyechomwa.

"Wazee ni nani?" Lobokat aliuliza.

Samatar hakuyainua macho.

"Samatar," alisema Ebla. Hakusema Kisomali. Alisema Kiswahili, na kwa sauti kubwa kuliko ofisi ile ilivyohitaji, mpaka minong'ono chini ya dirisha ikakatika. "Wale wazee wako nimewamwaga nyuma ya choo."

Samatar aliinua kichwa.

"Nimewamwaga, na nimejua, na bado nimesimama. Sasa mwambie afande. Ulinilaza juu ya nini?"

"Hooyo..." alianza, kwa neno la Kisomali la kumwita mama.

"Sema na Kiswahili."

"Divai." Lilitoka kama mfupa ulionasa kooni. "Ilikuwa divai, hooyo. Kumi na mbili. Ya wageni. Mimi sikuonja."

"Najua hukuonja."

Nje ya dirisha mtu alisema, "Astaghfirullah." Ebla hakugeuka, lakini Kirimi, aliyekuwa karibu naye, aliona mkono wake ukiutafuta ukingo wa meza na kuushika.

Lobokat alisugua kidevu. "Mama na mtoto na rafiki wanaweza kupanga maneno. Wewe, muonjaji. Hivi vizibo viko na alama?"

"Viko, afande. Picha ya mnara, na nyota mbili chini yake. Upande uliolala kwa divai ni zambarau. Samli haiwezi kuitoa hiyo rangi."

Inspekta alishika chupa moja akaigeuza kwenye mwanga. Kioo kilikuwa kizito na cheusi. Kizibo kilionekana kama kivuli tu. Aliagiza karai. Sajini akaivunja shingo ya chupa kwa rungu, samli ikamwagika polepole, na harufu yake, ya moshi wa kibuyu na malisho, ikajaa ofisi. Kizibo kilibingirika mpaka kwenye ukingo wa karai. Lobokat alikiokota akakipangusa kwa kidole gumba. Kirimi alitaka kuomba Mungu na akakuta amesahau pa kuanzia. Wino ungeweza kufutika kwenye majivu. Ebla alikuwa amesugua mara saba.

"Vunja ingine," alisema Lobokat.

Ikavunjwa ya pili. Ikavunjwa ya tatu.

"Afande," alisema Ebla, "hiyo samli ni ya kuuza."

"Zimetosha, mama." Alivipanga vizibo vitatu mezani, kimoja pembeni ya kingine, minara yote ikitazama juu. Alivitazama muda mrefu, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi. "Mjinga wewe," alimwambia Kirimi. "Mjinga, na rafiki yako ni mjinga zaidi. Mtu angetundikwa kwa sababu ya Kiswahili ya Mtaliano. Mfungue huyu. Na huyo mwachie mikono."

Kirimi aliinama akaokota kikapu na chupa nne zilizobaki.

"Na mkubwa kesho atakunywa nini?"

"Sijui, afande."

"Anderson utamwambia mwenyewe. Huko sitakusaidia."

Walikuwa wamefika mlangoni Samatar aliposimama, akisugua vifundo vya mikono. "Afande. Huko ndani kuna mzee wa Kinna, Arero. Alisema kisimani vijana wake wamerudi kunywa maji. Alikuwa anasema ndama. Yeye huita ndama zake hivyo."

Lobokat alitazama karai. "Naye ameleta chupa?"

Kirimi alikitazama kikapu.

"Nendeni nyumbani," alisema Inspekta, "kabla ya kafyu."

Uani, mahabusu walikuwa wakipandishwa kwenye lori. Mmoja wao, mzee mwembamba aliyevaa kikoi, alishindwa kuinua mguu, na askari akamsaidia kwa kumsukuma mgongoni. Samatar alitazama mpaka mlango ulipofungwa. Wazee wa msikiti waliinuka walipopita. Mmoja aliweka mkono begani mwa Samatar, wengine walitazama kando. Ebla alitembea katikati ya wanaume wawili, wima, akiwa ameushika mkono wa shati la mwanawe bila kuuachia.

Kwenye kizuizi kulikuwa na askari kijana ambaye Kirimi hakumjua.

"Simama. Mnatoka wapi?"

Wote watatu walifikiri, na kufikiri kwao kulionekana.

"Stesheni," Ebla alisema.

"Kikapu iko na nini?"

"Samli."

Askari alitoa chupa moja, akaitikisa karibu na sikio. Kitu kiligonga ndani, laini. Alichomoa kitambaa, akaingiza pua, akakunja uso, akaingiza tena.

"Hii inanukia nini?" Alimsogezea Kirimi. "Wewe, nusa. Si samli peke yake."

Kirimi alinusa, kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha maisha yake yote, na harufu zikaja zenyewe, moja baada ya nyingine, kama wageni wanaojua viti vyao. Moshi wa mti uliotumika kufukizia kibuyu. Majivu. Nyasi za baada ya mvua. Na chini kabisa, nyembamba, haijasuguliwa na mtu yeyote, zabibu iliyolala miaka gizani. Kila moja ilikuwa na jina, na majina yote yalikuwa tayari ulimini. Pembeni yake Samatar alikuwa ameinamisha kichwa. Mkono wa Ebla ulizidi kukaza shati.

"Sijui, afande," alisema Kirimi.